Papai la Kiapo

Jumatatu, 3 Februari

Insha thelathini nimesahihisha, kumi na moja bado. Swali nililowapa Kidato cha Tatu: je, jambo huwa kweli kwa sababu wengi wanaliamini? Karibu wote wamejibu hapana, "kama alivyotufundisha mwalimu." Nimecheka peke yangu, kisha nikaudhika. Hata kufikiri wamenakili kwangu.

Katana alipiga simu saa kumi, nikiwa bado shuleni. Ni mwana wa marehemu baba mdogo, tumelelewa pamoja huko juu, mbele ya Kaloleni. Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Nikamuuliza cha nini. "Njoo tu, dada. Wewe ndiwe msomi wetu." Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejua. Wanamsema Ba'mkubwa Karisa, kaka yake baba. Ati ndiye aliyemuua mtoto wa Katana kwa uchawi.

Mtoto alikufa Desemba. Malaria ilimpanda kichwani. Hospitali iliandika hivyo, na karatasi anayo Katana mwenyewe. Lakini Ba'mkubwa anakaribia miaka themanini, nywele nyeupe pe, na ana shamba la minazi ambalo hajakubali kuligawa. Kwetu mambo hayo yakikutana kwa mtu mmoja, ana haki ya kuogopa. Mwaka jana mzee wa kijiji cha pili alikatwa mapanga akichunga mbuzi wake. Tangu hapo wazee wanapaka nywele rangi nyeusi. Ba'mkubwa amekataa kupaka. Anasema nywele ni zake.

Ni yeye aliyegombana na ndugu zake ili nipelekwe shule. Mimi nimebeba jina la mama yake, ndiyo maana mpaka leo ananiita mama.

Kwenye matanga ya yule mtoto, mheshimiwa wa wadi alisimama akasema wazee waache kuumaliza ukoo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Sikuwa nasikiliza, nilifuata mikono ya wenzangu. Leo nimelikumbuka nikaona aibu.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao kimekwisha. Nimechoka mpaka mifupa.

Katana anataka kiapo cha papai. Mganga anuize maneno juu ya papai, kisha anayeshtaki na anayeshtakiwa walile. Mwenye hatia atavimba midomo. Babu zetu walimaliza kesi hivyo, na wapo wanaoapa kwamba hakikukosea hata mara moja.

Ba'mkubwa akakataa. Hakupandisha sauti. "Nikila, nitakuwa nimekubali kwamba kuna la kuulizwa. Na hapa hakuna la kuulizwa." Nilisoma falsafa muhula mzima chuoni, sikusikia hoja iliyonyooka namna hiyo. Wao wakasikia woga. Anakataa kwa sababu anajua, wakasema.

Wamempa wiki moja. Ale, au aondoke. Huko nyuma vijana walikuwa wananong'ona. Najua walichokuwa wakinong'ona.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa napiga hesabu.

Papai ni papai. Tunda halijui nani kaua. Akila hatavimba, na asipovimba, mila yao wenyewe itawafunga midomo. Hakuna panga, hakuna kuhama. Nimeligeuza kila upande sioni kosa. Nimejiona mjanja.

Nimempigia mchana. Nikamwambia, "Ba'mkubwa, kula tu. Ni tunda." Akasema, "Wewe ndiwe uliyesoma. Ukisema nile, nitakula."

Nilitaka anibishie. Hakunibishia.

Ijumaa, 14 Februari

Klabu ya mjadala. Niliwapa kisa hiki bila majina. Wengi wakaunga mkono: mzee ale, yaishe. Nyevu akanyoosha mkono. Ndiye peke yake aliyeniandikia ndiyo kwenye insha ile, nikampa alama ndogo. Akasema, "Mwalimu, akila na asivimbe, si atakuwa amewaonyesha kwamba kiapo kinafanya kazi? Mwezi ujao watampa mzee mwingine."

Nikamwambia muda umekwisha. Kengele haikuwa imelia.

Jumamosi, 15 Februari

Niandike kama lilivyokuwa.

Mganga si mtu wa kutisha. Shati la kola, simu mfukoni, beseni la plastiki. Papai moja, upande umeiva, upande bado kijani. Alipolikata nikaona utomvu mweupe kwenye kisu. Nikajua. Nafundisha Historia, lakini utomvu wa papai bichi nani asiyeujua? Tunalainisha nyama kwa huo huo, na mdomoni unaunguza. Nilitaka kusema kata jingine. Nikafikiri watasema mwalimu ameingiwa na hofu, na hofu yangu itakuwa ushahidi. Nikanyamaza.

Katana alipewa kipande cha upande ulioiva. Akala, akafuta mkono kwenye suruali. Cha Ba'mkubwa kilikuwa cha kijani. Hana meno ya mbele, akawa anakizungusha kwenye ufizi, polepole, huku ananitazama. Akamaliza. Tukangoja. Mdomo wa chini ukaanza, kisha wa juu. Wanawake wakawavuta watoto nyuma.

Na mimi nilirudi nyuma hatua moja. Kabla sijakumbuka utomvu, kabla ya shahada na vitabu vyote, mguu wangu ulirudi. Ba'mkubwa aliuona.

Baadaye ndipo nilipomshika mkono, nikapata gari, tukashuka hospitali ya Kilifi. Njiani hakuweza kusema. Alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake.

Jumapili, 16 Februari

Midomo imeshuka. Tabibu anasema utomvu umeunguza ufizi uliokuwa na vidonda tayari. Jambo la kawaida. Nimemweleza Ba'mkubwa neno kwa neno, kwa furaha ya kijinga, kama ninayemletea barua ya msamaha. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mama, mimi sikuwa na haja ya kuambiwa."

Nimempa chumba cha nyuma hapa kwangu.

Alhamisi, 20 Februari

Katana amepiga. Hana hasira hata kidogo, hilo ndilo linalonitia baridi. Makuti ya nyumba ya Ba'mkubwa yameshushwa, shamba litagawanywa baada ya mvua. Akanishukuru. "Watu walikuwa na shaka, dada. Lakini wakisikia hata mwalimu alikubali mzee ale, wananyamaza. Umetusaidia sana."

Nilimweleza habari za utomvu. Nilimwambia ni upande upi wa papai aliokula yeye. Akacheka kwa upole, akasema, "Na ni nani aliyeuelekeza mkono wa mganga upande ule?" Nikafungua kinywa nimjibu. Mganga mwenyewe, ndilo jibu. Au bahati. Lakini jibu halikutoka kwa wakati, na yeye akaaga.

Sasa nimelipata, saa tano nzima zimepita. Nimelisema kwa sauti jikoni. Hakukuwa na mtu wa kulisikia.

Jumanne, 25 Februari

Nyevu aliniuliza darasani mwisho wa kile kisa ulikuwaje. Nikasema mzee alipona. Si uongo.

Kuna mambo siwezi kuyasema kwa mtu, nayaandika hapa. Jana kuku wa jirani alikufa. Nikajikuta nahesabu siku tangu Ba'mkubwa aingie nyumba hii. Tisa. Kuku ana kideri, mtaa mzima kuku wanakufa, na bado nilihesabu. Juzi nilipatwa na homa ya nusu siku, nikafikiri kile nilichofikiri. Naona midomo ile ikivimba nikiwa ubaoni, nikiwa nafua, nikiwa namsikiliza mtu mwingine akizungumza. Naieleza upya kila mara. Utomvu, ufizi, vidonda. Maelezo ni sahihi. Yanaisha, na mdomo bado unavimba.

Nilidhani kufikiri kwangu ni nyumba niliyoijenga mwenyewe. Kumbe nilipanga chumba tu, na wenye nyumba wamo ndani.

Nimempandishia Nyevu alama za ile insha. Hajaniuliza kwa nini.

Yeye Ba'mkubwa hana makuu. Anafagia ua kabla sijaamka. Anakaa mbali na watoto wa jirani wakija kuchota maji, nadhani kwa kunihurumia mimi. Hajanilaumu hata kwa jicho. Laiti angenilaumu.

Jumamosi, 1 Machi

Sikwenda popote. Asubuhi nilikaa barazani na karatasi za mtihani. Joto kali, upepo hakuna.

Ba'mkubwa akatoka jikoni na kikombe cha chai. Ni mara ya kwanza anapika tangu aje. Akaniwekea kwa mikono miwili, akasimama.

Nikashukuru. Nikasema itapoa kwanza. Nikasahihisha karatasi moja. Nikasahihisha nyingine. Chai ikaacha kutoa moshi, ikafanya utando juu, na mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi. Sikuwa nafikiria lolote. Naapa sikuwa nafikiria lolote. Mkono tu haukwenda.

Akakichukua kikombe. Akanywa mafunda mawili mbele yangu, bila haraka, akameza. Akafuta ukingo kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Imepoa sasa, mama," akasema. Akaenda kuendelea kufagia.

Nimeinywa yote.