Muthokoi wa Jana

Baba Kanini,

Usiguse muthokoi uliobaki kwenye sufuria. Nimeifunika na kuweka jiwe juu ili Kanini asipakue akitoka shule.

Asubuhi nimekuta kuku wetu wote wamekufa. Walikula pumba nilizowamwagia jana baada ya kutwanga mahindi ya muthokoi kuyatoa maganda. Nilikuonyesha yale mahindi ya chini, kwenye gunia alilotuletea ndugu yako Muli kutoka Machakos, yamejaa ukungu wa kijani. Ukacheka. Ukasema nitwange tu, ukungu utatoka na maganda. Na kweli muthokoi ulitoka mweupe, hata mimi nikaupenda, nikaupika na kuuza kibandani siku nzima.

Wazike hao kuku, na shimo liwe refu. Usimpe mtu hata kuku mmoja, hata akisema atamchemsha sana.

~~Gunia mrudishie Muli.~~ Hapana, akirudishiwa atalipeleka Soko la Toi. Lichome moto.

Mimi nazunguka mtaa wetu wa Kabiro, nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyenunua. Aliyebakisha amwage. Aliyekula aende hospitali hata kama hajasikia kuumwa. Najua kibanda kimekwisha, nani atanunua kwangu tena? Usinifuate kuninyamazisha. Wakiuliza mahindi yalikuwa ya nani, sitamtaja Muli wala wewe. Walipakuliwa na mkono wangu.

Naanza kwa jirani yetu Wangoi. Jana mtoto wake alimaliza sahani, nikamwongezea bure.

Mama Kanini