Mizunguko Mitano Tusiyoisikia

Jumapili, Keko. Joto limeganda tangu asubuhi na vumbi la mbao halitaki kutua.

Ustahimilivu, katika mbio ndefu, ni uwezo wa mkimbiaji kushikilia kasi ileile huku gharama ya kuishikilia ikipanda. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu uwanjani baada ya vipindi vya hisabati, na sijawahi kuona sababu ya kubadili hata neno moja. Leo nimeuona upungufu wake. Fasili hiyo haisemi ni nani mwenye haki ya kuikadiria gharama.

Rehema, niliyemfundisha kukimbia tangu kidato cha pili, leo alikuwa ugenini katika mashindano ya Afrika, fainali ya wanawake ya mita elfu kumi. Mizunguko ishirini na mitano. Niliisikiliza uani kwa mama yake, redio juu ya kigoda, saa ya kupimia mkononi, daftari magotini.

Kabla sijaendelea, niungame. Wiki tatu kabla ya safari aliniambia kwamba muundi wake wa kushoto, ule mfupa wa mbele wa mguu, ulikuwa unamuuma hata akiwa amelala. Akaniomba nisimwambie mtu: si viongozi wa timu, ambao wangemwacha, wala mama yake. Nilijua kuwa maumivu ya namna hiyo huweza kuwa ufa katika mfupa. Nilijua pia kwamba nafasi kama hii huenda asiipate tena.

Nikanyamaza.

Kwa hiyo, wakati ua wote ulisikiliza kujua kama atashinda, mimi nilisikiliza kujua kama ataanguka.

Fundi Shabani, seremala wa jirani, alikuwa ameweka randa chini akaja na mafundi wake. Hawezi kukaa kimya.

"Mwalimu, huyu mtangazaji mbona anahema kuliko wakimbiaji?"

"Mwache aheme, mradi asikosee majina," akajibu Mama Rehema bila kuondoa macho kwenye redio.

"Mwanao akirudi na medali, kabati nampa bure."

"Na lile ulilomwahidi akimaliza shule? Tuanzie hapo kwanza, Shabani."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Kila mtangazaji alipotamka kwamba viongozi wamepita mstari nilibonyeza saa, na daftari lilinionyesha kwamba tangu mzunguko wa kumi na saba kasi ilikuwa inapanda. Rehema alikuwa wa nne katika kundi la mbele. Mzunguko wa ishirini ulipokamilika mtangazaji akasema, kwa sauti iliyoshuka kidogo, kwamba Mtanzania anaonekana kama anachechemea.

Hapo studio ikamkatiza. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo.

Fundi Shabani akanyoosha mkono kuelekea kitufe cha stesheni. Mama Rehema akampiga kofi la kiganjani. "Usiguse! Wafu wa watu hao. Na hizo redio zenu mpya zina nini zaidi ya muziki?"

Alikuwa na haki. Kwetu hakuna azimaye matangazo hayo. Huenda wa kwake akatajwa. Wanaume wakavua kofia, tukaketi. Msomaji akasoma polepole, kama inavyostahili: fulani wa Tandika anasikitika kutangaza kifo cha shemeji yake, habari ziwafikie ndugu walioko Kilwa, ndugu walioko Utete. Jina baada ya jina. Saa ikaendelea kuhesabu mkononi mwangu, nami nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniomba niifanye: kwa kasi ile mbio zilikwisha marehemu wa tano alipokuwa anatajwa.

Nikaisimamisha saa. Yote yalikuwa yameshatokea, na sisi bado hatujui.

Mtangazaji aliporejea alisema mambo mawili. La kwanza, Mtanzania amemaliza wa tatu. La pili, baada ya kuvuka mstari alikaa chini, akashindwa kuinuka, akatolewa uwanjani kwa machela. La kwanza liliuinua ua mzima; la pili, nadhani, tulilisikia watu wawili tu. Fundi Shabani alikuwa anacheza na kipande cha mbao begani kama bunduki. Mama Rehema hakusimama.

"Ni mguu, Mwalimu?"

"Ni mguu, mama. Aliniambia, nikakuficha. Nisamehe."

Nilitarajia hasira, na nilikuwa tayari kuipokea. Akaitazama mikono yake.

"Mie ndiye niliyekuwa namkanda kila alfajiri kwa maji ya chumvi. Akanambia, mama, Mwalimu asijue, atanitoa. Nikajisemea, ungekuwa mguu mbaya, Mwalimu si angeona?"

Nami nilikuwa nimejiambia jambo hilohilo kumhusu yeye.

Nimerudi nyumbani kabla ya magharibi na kujaribu kulipanga hili kwa utaratibu. Nafasi ya tatu haithibitishi kwamba nilifanya sawa. Uamuzi wangu ungekuwa uleule kama angeanguka mzunguko wa pili, na hapo nisingethubutu kuutetea. Wala mama kukiri kwamba naye alijua hakunipunguzii chochote. Tulikuwa wawili wenye uwezo wa kumzuia, na kila mmoja aliufanya ukimya wa mwenzake kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na hatari. Tumeahidiwa kwamba viongozi wa timu watapiga simu kesho kwenye duka la jirani. Hadi hapo hatujui kama mfupa umevunjika.

Nilizoea kusema kwamba alichagua mwenyewe. Lakini mtu anayetaka tu kukimbia hana haja ya kumwambia yeyote. Angekaza kitambaa mguuni na kupanda ndege. Yeye alitwambia sote wawili, mmoja mmoja, kwa siri.

Je, alikuwa anatuomba tunyamaze, au alikuwa anasubiri mmoja wetu amkatalie?