Kiroba Kilichogeuzwa Ndani Nje

Jumamosi, 5 Julai

Viroba nilivyoosha vimekauka. Nimevigeuza ndani nje vyote, nimepinda midomo na kuishona kwa uzi wa kijani. Ndiyo biashara yangu hapa Kariakoo, viroba vitupu, na mteja hapendi kubeba mchele kwenye maandishi ya mbolea. Kimoja kizuri nilikitenga. Nimekijaza sukari, sabuni na kanga za Mama, kimepanda basi la Songea. Kaka Osmundi atakichukua, akipeleke nyumbani Mbinga.

Amepiga jioni. Kahawa imeiva vizuri. Mkaguzi wa kilimo hai anakuja mwezi huu, na kikundi chao cha wakulima kikipita, wazungu wananunua kwa bei ya maana. Nyumba ya Mama itaezekwa upya. Nimecheka peke yangu. Kaka hajanunua mbolea ya dukani tangu azaliwe, hana hela hiyo. Sasa ufukara wake unapewa cheti.

Jumatano, 16 Julai

Nina hasira. Mkaguzi amekuta kiroba cha mbolea ghalani kwa Kaka, kimejaa kahawa. Kahawa yake haipokelewi. Kikundi kizima kimesimamishwa mpaka wakae kikao. Kaka anaapa hajui habari ya mbolea yoyote.

Mzee Salum, muuza kamba jirani yangu, kasema huo ni wivu, kuna mtu kamwekea. Nikaamini hapo hapo. Nikampigia Gaudensi, mwenyekiti wa kikundi, nikamwita mchawi. Hakujibu kitu. Nikaona kimya chake ndio ushahidi.

Alhamisi, 17 Julai

Kaka ametuma picha. Uzi wa kijani.

Mkaguzi alikigeuza kiroba tu, maandishi yakajitokeza, herufi kubwa. Kaka hakuwahi kuutazama upande wa ndani. Alitoa sukari, akaona kiroba kizima, imara, akajaza kahawa. Nani kwetu anatupa kiroba kizima?

Sijauza kitu leo. Najichukia.

Jumapili, 27 Julai

Wiki iliyopita nilimpigia Gaudensi. Nikamwomba radhi, nikaeleza yote: nilikiosha mwenyewe, nikakigeuza mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi nakuamini," alisema. "Lakini fomu ya mkaguzi haina mahali pa kuandika kwamba ni zawadi ya dada yake."

Leo wamekaa kikao. Wamemtoa Kaka ili wengine wapone. Najua wasingeweza vinginevyo. Nawachukia hata hivyo. Akitaka kurudi, shamba lake lingoje miaka mitatu, mbolea iishe udongoni. Mbolea gani? Kahawa imeenda kwa walanguzi, kwa bei waliyojipangia. Mama kaambiwa bei imeshuka mwaka huu. Paa litavuja tena masika.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepeleka viroba Upanga, kwa Mama Hansa mwenye duka la nafaka. Rafu ya juu, karibu na majani ya chai, pakiti ndogo ya kahawa yenye alama ya jani, ile ya kilimo hai. Bei nimeisoma mara mbili. Kwenye picha mkulima anacheka, meno yote nje. Mama Hansa kaniuliza kama nataka kuonja. Nikasema kahawa inanipa kiungulia.

Jumanne, 12 Agosti

Kaka amepiga asubuhi. Hana kinyongo, na hicho ndicho kinachoniumiza. Kaniuliza biashara. Tukaongea habari za magoti ya Mama, na za mvua. Halafu akasema, taratibu tu:

"Mdogo wangu, nitumie mbolea. Adhabu nimeshapewa, bora nivune."

Mchana nimeenda duka la pembejeo, mtaa wa pili, nikanunua mfuko mmoja. Nimeandika jina lake kwa kalamu nene, chini ya maandishi ya kampuni. Mzee Salum kanipa kamba ya kuufunga.

Maandishi yako nje. Nimeyaacha hivyo hivyo. Basi linaondoka alfajiri.