Fremu Mia na Ishirini, na Mkono wa Kaka Yangu

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Upepo wa leo ni ule wetu wa Same, unaopenyeza vumbi mpaka katikati ya kurasa za daftari. Nimefunga madirisha yote na sasa nyumba ina joto na kimya. Mama yuko Bombo tangu Ijumaa, amepanda milimani kumwona bibi. Tumebaki wawili, mimi na kaka yangu, na hatusemeshani.

Jina lake halisi sitaliandika hapa. Nitamwita Mbonea.

Wachache mnaosoma blogu hii mnajua kwamba mimi siongei. Niko kidato cha tatu na bado mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, ila linabaki mdomoni mpaka mwingine aliseme. Ndiyo maana naandika. Leo mchana nilisema jambo kwa sauti. Nilipaswa kulisema wiki mbili zilizopita.

Mbonea alimaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda Moshi kujifunza ufundi wa simu. Kabla ya hapo ana gemu. Ni gemu ya kulenga shabaha, wachezaji watano kwa watano, na yeye ni hodari kweli. Kuna timu ya vijana wa Dar waliomwona mtandaoni wakamchukua bila hata kuonana naye. Kompyuta aliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, na skrini ni moja ya zile za kasi. Iko sebuleni kwenye kona, na wageni wakija mama huifunika kitambaa cha kufuma.

Kiangazi hiki alianguka na pikipiki pale Lembeni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Walimfunga POP, ile plasta ngumu, na ilipotolewa nilikuwa nimekaa pembeni yake. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Akasema pia kwamba vidole vikianza kufa ganzi, arudi haraka, asisubiri, kwa sababu mshipa wa fahamu ukibanwa muda mrefu unaweza usirudi kuwa kama zamani. Kadi ya kliniki nilipewa mimi niishike. Bado iko ndani ya kitabu changu cha Biolojia.

Aliporudi kucheza alianza kufungwa. Mwanzoni timu ilicheka. Sauti ya kepteni wao, kijana ambaye sijawahi kumwona, ilitoka kwenye spika mpaka jikoni nilikokuwa nachambua maharage ya makande: "Oya mzee wa Same, leo umevaa glavu?" Mbonea naye akacheka. Kisha akazima spika, akaniita.

Akaniambia mashine inakwama. Analenga, anabonyeza, risasi inatoka adui keshapita. "Wewe unapenda kusoma," akasema. "Hebu nisomee hili."

Hapa kuna jambo ambalo naona aibu kulikiri. Nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa sababu najua kitu.

Nilisoma siku nne. Skrini yake hubadilisha picha mara mia na arobaini na nne kwa sekunde. Kompyuta ikiachwa bila kikomo hutengeneza picha nyingi kadiri inavyoweza: mia mbili, halafu kadi ya picha ikipata joto inashuka tisini, halafu inapanda tena. Jicho huvumilia uchache wa picha zaidi ya linavyovumilia kupanda na kushuka. Zaidi ya hapo, kadi ikifanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake, picha hupanga foleni, na ulichobonyeza unakiona kikiwa kimechelewa. Kwa hiyo unaiwekea kikomo cha fremu, ndizo hizo picha, chini kidogo ya kasi ya skrini, na chini ya kile ambacho mashine inaweza kukishika hata siku mbaya.

Siku mbaya kwetu ni kila mchana.

Nikafungua daftari jipya na kulipiga mistari. Kwanza niligundua kwamba alikuwa ameweka vikomo viwili, kimoja kwenye gemu na kingine kwenye programu ya kadi, vinagombana. Nikaondoa cha pili. Nikajaribu mia na arobaini na moja. Asubuhi ilishika vizuri sana, lakini ikifika saa saba, bati likianza kulia kwa joto, ule mstari wa grafu unaoonyesha muda wa kila fremu ulikuwa na meno kama msumeno. Nikashuka mia na thelathini. Meno yakapungua. Nikashuka mia na ishirini, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaielekezea feni ya mama. Saa nane mchana, jua la utosi, mstari ukanyooka.

Niliandika kwenye daftari: 120, sawa. Hiyo ilikuwa Jumamosi, wiki mbili zilizopita.

Jioni ile Mbonea alicheza mechi tatu. Mimi sikuangalia adui wala ramani, niliangalia mstari wangu. Haukutikisika hata mara moja. Akafungwa zote tatu.

Akaniambia, "Bado inachelewa. Jaribu mia moja."

Nikajaribu mia moja. Nikajaribu mia na kumi na saba, kwa sababu mtu fulani mtandaoni aliisifia. Nikabadilisha waya wa mausi, nikaihamisha meza mbali na dirisha. Kila jioni nilipata kitu kipya cha kurekebisha, na kila jioni alinishukuru. Kwa wiki mbili niliendelea hivyo huku nikijua. Sijui nilijua kwa kiasi gani. Nilijua vile mtu anavyojua kuna mgeni sebuleni kabla hajamwona.

Maana kulikuwa na mambo mengine.

Jumatano ya wiki iliyopita alikuja mzee wa kanisa kutuuliza hali ya bibi kule Bombo. Mbonea akamwamkia shikamoo, akamletea chai, akampa kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama alingoja mzee aondoke. Kisha akamuuliza, bila kupandisha sauti, tangu lini yeye ni mtu wa kuwapa wazee vitu kwa kushoto, na je, hivyo ndivyo alivyomlea. Mbonea akaomba radhi. Usiku huohuo wakati wa chakula mama akamwona ameshika kijiko kwa kushoto, akamtazama tu. Mbonea akakihamishia kulia. Makande yakamwagika kabla hayajafika mdomoni, akasema ni moto.

Hayakuwa ya moto. Nilikuwa nakula chungu hichohicho.

Mama aliona utovu wa adabu, na mimi pia niliinamisha uso nikamwonea haya kaka yangu. Wote watatu tulikuwa mezani na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mzima, aliyefundishwa adabu hiyo kabla hajajua kusoma, ameisahau ghafla.

Alhamisi kepteni hakutania. Nilisikia akisema taratibu, "Pumzika mechi hii, kaka," vile watu wanavyosema na mgonjwa.

Leo tumetoka kanisani, tukala kiporo, akaniambia nijaribu mia na arobaini na nne kamili, labda ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimeshika mausi. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikamwambia kwanza nicheze mimi.

Gemu ina uwanja wa mazoezi wenye shabaha hamsini zinazotokea moja moja. Mimi sichezi, nilijua tu kubonyeza. Nikapiga ishirini na nane. Mbonea akacheka, akasema mashine inanipenda. Akakaa, akapiga kwa mkono wake wa kulia. Kumi na tisa. Kabla ya kuanguka alikuwa hapungui arobaini na tano, niliwahi kumhesabia.

Kisha nikamwomba ajaribu kwa kushoto.

"Kushoto? Sijawahi kushika mausi kwa kushoto."

Nikasema najua.

Nikaihamisha mausi upande wa pili. Alikuwa anaiburuta kama mtu anayeandika gizani. Akapiga ishirini na nne.

Feni ilikuwa inazunguka. Kwenye kona ya skrini mstari wangu ulikuwa umenyooka kabisa, na kwa mara ya kwanza nilitamani ungekuwa na meno.

Akaniuliza bila kugeuka, "Ni mashine au ni mimi?"

Nikamwambia, "Si mashine, kaka. Mashine ilikaa sawa tangu wiki ya kwanza."

Akaiachia mausi. Halafu akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja juu. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa na malengelenge makubwa, meupe, yameanza kupasuka. Akasema ni birika la juzi asubuhi. Alilishika vibaya na hakusikia chochote, alishtushwa na harufu ya ngozi. Gumba, shahada na cha kati, vyote vitatu viko hivyo tangu wiki ile POP ilipotolewa. Usiku anaviamsha kwa kuvipigapiga kwenye godoro.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliogopa kupasuliwa, na timu ingemweka mtu mwingine. Akasema alikuwa anaomba Mungu iwe mashine. Kila nilipopata kasoro mpya alipata usingizi.

Kisha akasema, "Wiki mbili zote ulikuwa unajua, na unaniangalia tu?"

Sikujibu. Jibu nilikuwa nalo.

Aliniambia nisimwambie mama. Alisema atakwenda mwenyewe hospitali akishaona mechi ya timu ya Jumamosi ijayo imekwendaje. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Baada ya nusu saa akatoka, akapita kama sipo, akakaa kwenye kompyuta, na mimi nikahamia huku jikoni.

Kutoka hapa naisikia mausi. Anafanya mazoezi kwa mkono wa kulia. Mbofyo, kisha kimya kirefu, kisha mbofyo mwingine. Sijawahi kusikia kitu cha polepole namna hiyo, na kila fremu inafika kwa wakati wake.

Nimeitoa kadi kwenye kitabu cha Biolojia nikaisoma upande wa nyuma. Daktari ameandika kwa mkono neno "ganzi" na kulipigia mstari. Mstari huo nimeutembeza na Biolojia yangu shuleni na nyumbani mwezi mzima. Nimesoma makala sijui ngapi kuhusu kuchelewa kwa picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, wala sikusoma hata moja kuhusu mshipa.

Najiuliza kama nilimsaidia kaka yangu au nilikuwa namsaidia yule msichana aliyependa kuitwa. Nadhani najua.

Mama anashuka kutoka Bombo keshokutwa. Nilikuwa nimeamua kumsubiri, nimpokee mzigo, nimpe maji, nimwambie akishapumzika. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili. Kusubiri ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote mwezi huu.

Kule kwa bibi hakuna mtandao. Lakini saa kumi na mbili mama hupanda mpaka uwanja wa kanisa, unakopatikana, kutujulia hali. Leo nitampigia mimi kabla hajapiga yeye, ili asimpate Mbonea kwanza akaambiwa wote tu wazima.

Kaka atasema nimemsaliti, na sitabishana naye. Bora anichukie akiwa njiani kwenda Moshi, vidole vyake vikiwa hai.

Imebaki robo saa. Sijawahi kumpigia mtu simu ya habari mbaya. Shikamoo najua itatoka, inatoka yenyewe. Ni baada ya marahaba ndipo sijui. Nianze na mkono wake, au nianze na kosa langu?