Damu ya Adey, Punda Uliyekataa Kumuuza

Ayeeyo, bibi yangu,

Nimekaa nyuma ya nyumba karibu na zizi, na daftari la Kemia ambalo lilibaki na kurasa tupu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia barua, na kwa sababu ulipenda nikusomee insha zangu za shule, hata kama ulikuwa unasinzia kabla sijafika mwisho. Ukishtuka ulisema, "Nimesikia yote, endelea." Leo usisinzie. Nina habari kubwa.

Lakini kwanza sina budi kukuambia kilichosemwa siku ya mazishi yako, maana wewe hukusikia.

Kabla jeneza halijainuliwa, Adeer Hassan, ami yangu na mwanao, alisimama mlangoni akasema yale yanayosemwa kila mara: mwenye haki yake juu ya marehemu aidai, au amsamehe. Watu wakajibu, "Tumemsamehe, Mungu amrehemu." Kisha Mzee Dubow, jirani yetu, akapaza sauti peke yake: "Na mimi namsamehe ule uongo wa punda."

Sisi wanawake tulikuwa ndani, tukamsikia kupitia mabati. Hakuna aliyemjibu, kwani nani atagombana mbele ya maiti? Wakakuinua, wakaenda. Maneno yale hayakwenda nao. Yalibaki pale mlangoni, na kila nilipotoka kuchota maji niliyakuta.

Heri angekataa kukusamehe kosa la kweli, Ayeeyo, kuliko kukusamehe uongo ambao hukuusema.

Na mimi nilikuwa na hatia. Unaijua, ingawa hukunilaumu hata siku moja. Mzee Dubow alipokuja kutaka kumnunua Adey, ulimwambia wazi kwamba punda huyu ana ugonjwa wa kupe ndani ya damu. Yeye akatazama mgongo wa Adey uliojaa, ngozi nyeupe inayong'aa, akacheka. "Mgonjwa gani mnene hivi? Sema hutaki." Ukamwambia kwamba punda wake wametoka Habaswein, hawajazoea kupe wa huku mtoni, na Adey akiingia kati yao kupe watabeba ugonjwa kutoka kwake na kuwapelekea wengine. Akaleta mtu, damu ya Adey ikapimwa mjini, karatasi ikarudi: hana ugonjwa. Mzee Dubow akazunguka nayo Balambala nzima, akiionyesha hata kwa wasiojua kusoma. Wewe ukasema tu, "Karatasi haikumlea Adey."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na kikombe cha chai. Nilikuwa shahidi wako. Nilikuwa darasa la sita Adey alipougua akiwa mdogo, mkojo wake ukawa rangi ya chai kali, ufizi ukawa manjano. Mimi ndiye niliyemfunika kwa gunia lililoloweshwa, siku sita, wewe ukimmiminia maji mdomoni. Aliposimama nikapiga makofi, nawe ukanikataza. Ulisema, "Amesimama, lakini damu yake ina wageni. Hawa hawaondoki." Siku ile ya karatasi ningeweza kutoka na kusema nilichokiona. Chai ikapoa mkononi mwangu. Sikusema hata neno moja.

Sasa sikiliza.

Mwaka huu, baada ya mimi kumaliza shule, alikuja daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu, mwanamke mfupi mwenye kofia kubwa. Anaitwa Daktari Mwende. Anachunguza vimelea vya damu, vile vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo kupe huvileta kwa farasi na punda. Huku kwetu farasi hatuna, kwa hiyo alitaka punda. Alihitaji mtu wa kushika kichwa cha punda na kuandika jina kwenye kichupa, na Adeer Hassan akanitaja mimi. Wenye mikokoteni ya maji walicheka: "Binti Punda amepata kazi!" Unakumbuka jina hilo lilivyoniliza shuleni. Safari hii sikulia. Nilishika vichwa vya punda asubuhi nzima na hakuna hata mmoja aliyemgonga daktari, kwa sababu nilikuwa nawakuna nyuma ya sikio kama ulivyonionyesha.

Tulipofika zizini kwetu, daktari alisoma karatasi ya zamani akasema Adey tumwache, yeye alikwishapimwa. Vichupa vilibaki vichache. Nikasema, "Daktari, huyu pia. Bibi yangu alisema anao."

Akanitazama. "Kumbe una sauti?" Kisha akatoa sindano.

Tulingoja majibu hadi nikadhani tumesahauliwa. Mwishowe daktari akarudi na kuwaita wenye punda kwenye kivuli cha kibanda cha pampu. Adeer Hassan ndiye angetafsiri, lakini alikuwa mbali malishoni na mbuzi. Daktari akanigeukia mimi. Wazee wote, Ayeeyo, na vijana wa mikokoteni wote! Mmoja akasema, "Hodan huyu? Basi tutandike mikeka, hatutasikia neno kabla ya mvua." Wakacheka.

Daktari akaeleza kwamba vimelea hivi vina jina moja lakini si vya aina moja. Ukisoma vinasaba vyao unaona tofauti, hapa na pale, hata katika kijiji kimoja. Kipimo kile cha kwanza kilitengenezwa kutambua baadhi yao tu, kwa kutafuta kitu fulani kwenye ngozi ya vimelea vyenyewe. Wengine wanapita bila kuonekana, na punda anaitwa mzima.

Maneno hayo kwa Kisomali sikuwa nayo. Nikatazama chini, nikaona kwato za punda, nikafikiria ngamia. Nikawaambia: ukiwa mbali, ngamia wote ni ngamia. Ukikaribia ndipo unaiona chapa ya moto, unajua huyu ni wa kina nani. Yule mpimaji wa kwanza aliambiwa atafute chapa moja tu. Wenye chapa nyingine walipita mbele ya macho yake naye akasema hakuna ngamia hapa.

Wazee wakaguna kwa kukubali. Daktari akaniuliza nimesema nini kilichowafanya watikise vichwa. Nilipomwambia, alitoa kalamu akaandika kwenye daftari lake. Ayeeyo, aliandika!

Kisha akasoma majibu ya punda mmoja mmoja, nami nikatafsiri. Nilipofika kwa Adey niliinua kichwa. Nikasema anao ugonjwa wa kupe, wa ile chapa ambayo kipimo cha kwanza hakikuijua. Nikaongeza jambo ambalo daktari hakulisema: kwamba alikuwa nao tangu utoto wake, na mimi nilikuwepo.

Mzee Dubow akasimama. "Naa, Hodan. Sema tena. Punda wa nani?"

"Adey. Punda wa Ayeeyo."

Akachukua fimbo yake akaondoka. Nilidhani amekasirika.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri alikuja nyumbani. Hakuja peke yake. Alikuwa amewapitia majirani waliokuwepo siku ya mazishi, wale aliowakumbuka, akawaleta hadi mlangoni kwetu. Alisimama palepale. Akasema, "Siku ile nilimsamehe marehemu uongo. Wallahi, msamaha ule nauondoa. Hakukuwa na uongo wa kusamehewa. Alilinda punda wangu nami nikamtukana mbele ya jeneza lake. Mimi sasa nitasamehewa na nani?"

Adeer Hassan akamwambia, "Muulize huyu aliyemlea Adey pamoja na marehemu." Wakageuka kunitazama.

Sikujificha nyuma ya mlango. Nilisema, "Mzee, haki ya Ayeeyo iko kwake, siwezi kuigawa. Mwombee dua. Yangu mimi nimekusamehe." Akainua mikono, wote wakainua, wakakuombea hapo hapo mlangoni, kwa jina lako na jina la baba yako. Kisha nikamwambia asilete punda wake zizini kwetu kabla ya kuwatoa kupe, hata kama ni wa kupita tu. Watu wakacheka, naye akacheka huku akijifuta macho. "Haa," akasema, "sasa ndiyo namsikia bibi yako mwenyewe."

Basi ndiyo habari yenyewe. Nilitaka uipate kutoka kwangu.

Jumatatu naondoka na daktari kwenda Habaswein. Anataka nimwandikie na kumtafsiria, na ameniambia niombe nafasi ya kusomea afya ya mifugo. Shangazi analia, Adeer Hassan anajifanya halii. Mimi naogopa kidogo, ila si kama zamani.

Lala salama, Ayeeyo. Mungu alipanue kaburi lako na kulitia nuru. Ninakuahidi hivi: kila boma nitakaloingia, kabla sindano haijatolewa, nitamwuliza mwanamke anayewanywesha punda anajua nini juu yao. Nitaandika atakachosema, na mbele ya maneno hayo nitaandika jina lake.

Mjukuu wako,
Hodan