Rafu ya Chini Jikoni

Kamau, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo? Babako anakusalimu, mamako anakusalimu, dada yako Njeri pia, na ng'ombe amezaa salama. Lakini unakula? Na hiyo baridi ya huko, usiniugulie.

Umeniuliza kama uhamishe herufi za Kiingereza ndio zetu za lugha ya nyumbani zipate nafasi kwenye hiyo kibodi ya kompyuta unayotutengenezea.

Nilipoolewa hapa Dundori, jiko la mama mkwe lilijaa moshi hata huoni mkono wako. Wake uliona. Ulielea tu kwenye moshi, ukashika chumvi, ukashika kibiriti. Nikamuuliza, "Mama, vyangu niweke wapi?"

Akacheka. "Vyangu usiviguse, mkono wangu utapotea. Vyako vitalala hapa chini." Akanipigilia rafu ndogo chini ya yake. Mpaka leo nikiota jiko lile, vidole vyangu vinafika vyenyewe.

Labda herufi zetu pia zilale chini ya hizo zilizozoewa, kwenye vitufe vilevile. Wewe ndiye unajua.

Hii barua nimeichapa kwa kompyuta ya mamako, ambayo haina herufi zetu, ndiyo maana ni ya Kiswahili. Kibodi ikikubali, nijulishe upesi, macho yangu hayangoji. Kuna mambo ya babu yako, huyo uliyepewa jina lake, ambayo Kiswahili changu hakiyafikii.

Shosho wako