Mpira Mfupi wa Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba goti halikusumbui sana na hizi baridi za asubuhi. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, presha imetulia ila mdomo haujatulia hata kidogo, kwa hiyo ujue ni mzima wa kweli. Anakusalimu na anauliza kwa nini siku hizi simu zako ni fupi. Nimemwambia una kazi nyingi. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayakuta humu ndani, maana nina jambo na wewe, tena zito, lakini nimelelewa na mtu yuleyule aliyekulea wewe, na siwezi kuanza ugomvi kabla ya salamu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu zako nimeziona, zote tisa, na niliacha kupokea makusudi. Kwenye simu utanikatiza, utanichekesha, na nitajikuta nimekusamehe kabla sijamaliza kusema. Nakujua wewe. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Naanza na habari ambayo bila shaka unayo. Nafasi ya timu ya tenisi nimeikosa. Ilikuwa imebaki moja tu upande wa wanawake, na wa kuigombea tulikuwa wawili, mimi na Mfamasia, yule dada mrefu mwenye duka la dawa mkabala na benki. Mechi moja, mshindi anasafiri na timu, aliyeshindwa anarudi nyumbani. Nina miaka ishirini na tisa, kaka. Kocha alishaniambia waziwazi kwamba kuanzia mwakani wanatafuta wasichana wa shule, hivyo hii ndiyo ilikuwa yangu ya mwisho. Wewe ulilijua hilo hata kabla ya mama. Nilikwambia nikiwa nalia, na ukaniambia nisiwe na wasiwasi, nafasi ni yangu.

Nilifungwa seti zote mbili, sita kwa nne na saba kwa tano. Ukiziangalia hizo namba si aibu, lakini mle uwanjani nilijiona mjinga. Mfamasia namfahamu, tumeshacheza mara tatu na zote nilimfunga. Safari hii alikuwa anafika kabla ya mpira. Nikiupeleka kulia, yupo. Nikiurudisha katikati, ameshageuza bega ananisubiri. Tena alisimama mahali pa ajabu, hatua mbili nyuma ya mstari, akaacha mbele kushoto kwake wazi kabisa, ungeweza kuanika nguo za nyumba nzima pale. Nikawa najiuliza huyu ana wazimu au ananidharau.

Seti ya pili, tukiwa tano kwa tano, mpira ulinijia laini, umekaa juu. Nikauona ule uwazi. Hata mtoto wa miaka minane angeugusa tu udondoke pale nyuma ya wavu, na pointi ingekuwa yake. Mkono wangu ukaupiga mrefu, moja kwa moja mpaka pale aliposimama. Kocha alivua kofia akaitupa chini. Nilipotoka aliniuliza nilikuwa nawaza nini, nikaiokota ile kofia nikamrudishia.

Kesho yake nilirudi dukani, maana raketi za watu hazijifungi nyuzi zenyewe. Siku ya nne aliingia Mfamasia na raketi zake mbili. Nilikuwa kule nyuma kwenye mashine, nyuzi nusu zimeshavutwa, siwezi kukimbia. Nikamkaribisha kiti. Ni mtu muungwana, nikwambie ukweli. Alinipa pole, akasema nilimtoa jasho kuliko alivyotarajia, na kwamba mimi mwenyewe ni mgumu zaidi ya Kiroboto.

Niliachia ule uzi ukarudi wote.

Kiroboto, kaka. Ni wewe peke yako duniani uliyewahi kuniita hivyo, kwa sababu ya kule kurukaruka kwangu nikisubiri mpira uanzishwe. Hata mama hajui. Nikamwuliza Mfamasia hilo jina amelitoa wapi. Akanieleza bila kuficha, maana hakujua kama kuna cha kuficha. Pale jimu anapofanyia mazoezi wamewekewa chumba cha tenisi ya miwani, ile ya kucheza na mpinzani wa kompyuta, na humo unachagua mpinzani kwenye orodha. Mmoja wa wapinzani hao ni nakala yangu mimi. Amecheza na Kiroboto mara arobaini na kitu kabla ya mechi yetu. Alidhani nimekubali mwenyewe, hata akanisifu kwa ujasiri wa kujianika vile. Aliponitazama usoni akaweka mkono mdomoni.

Jioni ileile tulipofunga duka alinipeleka. Jimu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na chumba chenyewe ni kidogo, kina zulia la mpira na mkanda unaoning'inia darini wa kujifunga kiunoni usije ukagonga ukuta. Nilipouona tu ule mkanda, umeandikwa jina la kampuni yenu, nikaelewa. Mwezi wa tatu ulikuja kwetu siku tatu, ukasema kampuni imekutuma kufunga mitambo ya mazoezi. Nilikupa kitanda changu kwa ajili ya goti lako, mimi nikalala kwenye kochi miguu ikining'inia. Kila asubuhi nilikupigia pasi shati la kampuni. Ulikuwa unakunywa chai yangu, unaniaga, halafu unakwenda kunifunga mimi kwenye mtambo.

Usiniambie hukujua nani anafanya mazoezi pale. Nilimwuliza Mfamasia ni nani aliyemwonyesha kuchagua Kiroboto. Akasema ni mtu wa kampuni, mcheshi sana, anachechemea kidogo. Alimwambia huyu ndiye atakayemfaa. Sikumwambia kuwa mtu huyo nimetoka naye tumbo moja. Niliona aibu.

Kwenye skrini kabla mchezo haujaanza kunatokea maelezo ya mpinzani. Nimeyasoma mara tatu na nimeyashika kichwani. Mwepesi wa miguu. Mvumilivu. Mpira wa kuanzisha hupenda kuupeleka katikati. Na chini yake, kwa maandishi mekundu, udhaifu: hana mpira mfupi wa kushoto, simama nyuma bila hofu. Mwisho kabisa imeandikwa nakala imehakikiwa na mkuu wa kitengo. Kile cheo, kaka, ambacho mama alikitangaza mtaa mzima mpaka muuza magazeti akachoka. Sasa najua ulipandia wapi.

Nikavaa miwani nikacheza naye. Sijui nikueleze vipi. Alikuwa upande wa pili wa wavu, hana sura, lakini alirukaruka vilevile, akajifuta jasho kwa bega vilevile, na nilimchukia. Nilijua wapi mmeupata huo mwili. Umetoka kwenye Jumapili zetu. Miaka sita tangu uhamie huko, kila Jumapili saa nne, wewe chumbani kwako na mimi sebuleni, tumevaa miwani tunapiga hewa, mama anapita akisema watoto wake wanafukuza nzi wasioonekana. Nilivunja chupa ya chai mara mbili kwa ajili ya mchezo huo, na sikuwahi kukosa hata Jumapili moja. Mimi nilidhani tunazungumza. Kumbe kila nilipoinua mkono ulikuwa unaniandika.

Baadaye, katikati ya seti, nikamchezea makusudi. Nilikwenda nyuma kabisa, nikaacha mbele kushoto kwangu wazi kama alivyofanya Mfamasia. Kiroboto akapata mpira laini, umekaa juu. Akaupiga mrefu, mpaka miguuni kwangu. Nikarudia. Akaupiga mrefu tena. Mara kumi na nne nilimwachia ule uwazi na mara zote kumi na nne hakuutumia. Hapo nikaivua miwani nikakaa juu ya lile zulia, na Mfamasia akadhani nimeumia.

Sasa nisikilize, maana hiki nilichokigundua sijawahi kumwambia mtu, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na moja ulipopanda ule ukuta nyuma ya karakana kunitolea mpira wangu. Nililia kwa ajili ya mpira mmoja uliochakaa, ukapanda, ukaanguka, na goti la kushoto halikurudi tena kama lilivyokuwa. Wewe ndiye ulikuwa mchezaji kati yetu, kila mtu alisema hivyo. Daktari alikukataza kupiga hatua ndefu ya ghafla kwenda mbele, na mimi nilikuwa mlangoni nikamsikia. Tangu siku ile sijawahi kukupigia mpira mfupi kushoto kwako. Ukutani kwetu, uwanja wa shule, kwenye miwani, hata mara moja. Niliogopa utausahau ugonjwa wako, utaurukia, na utaanguka tena kwa ajili yangu. Nilivyouzuia mkono wangu miaka yote hiyo, ukazoea, na nilipokutana na mtu mwenye magoti mawili mazima ukakataa kunitii. Zile Jumapili ulizonifunga ukamtambia wifi, nyingi nilizimaliza kwa mpira mrefu huku nikiona uwanja wazi mbele yako.

Huo ndio udhaifu wangu mliouandika kwa maandishi mekundu. Mafundi wako siwalaumu, wao waliona tu msichana asiyepiga mpira fulani. Lakini wewe ulikaa na zile rekodi za Jumapili zetu, ukazipitia moja moja, ukahakiki. Miaka sita ya kutokupigiwa mpira mmoja, na wewe ndiye ulikuwa upande wa pili. Hukujiuliza hata mara moja kwa nini? Au ulijiuliza, ukajua, ukaweka sahihi? Nimelifikiria swali hilo wiki mbili sasa na sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi. Nafasi ya timu imekwenda, nitaizoea. Ila kwamba kile nilichokutunzia ndicho ulichomkabidhi mtu mwingine anifungie, hicho sijui nikiweke wapi.

Ujumbe wako nimeusoma, ule wa kusema yalikuwa majaribio ya kazi tu na hukudhani yangefika mbali. Jimu nimewaandikia waiondoe nakala yangu, na meneja, ambaye nadhani ndiye aliyekupasha kuwa nimejua, amesema hawezi mpaka apate sahihi yako. Naomba sahihi hiyo. Ni kitu cha mwisho ninachokuomba kama mdogo wako.

Mfamasia anasafiri na timu wiki ijayo. Raketi zake nimezifunga vizuri, nyuzi zote zimekaa sawa, kazi ni kazi. Mama sijamwambia chochote, na wewe usimwambie, bado picha yako ya kupandishwa cheo iko juu ya televisheni na kila jioni anaipangusa vumbi. Msalimie wifi sana, mwambie ile sweta aliyoniletea inanitosha. Majirani wote wanakusalimu, na fundi viatu anauliza lini utapita.

Mimi kila jioni nikitoka kazini napita nyuma ya karakana. Ukuta bado upo. Nimechora alama kwa chaki, chini, upande wa kushoto, na kwa siku kumi na moja sasa nafanya mazoezi ya mpira ule mmoja tu. Siku za mwanzo mkono ulikuwa mgumu. Sasa unatua penyewe.

Jumapili saa nne nitakuwa sebuleni nimevaa miwani, nikikusubiri kama siku zote. Ukija, njoo. Ila ufunge bandeji ya goti vizuri.

Ni mimi mdogo wako, ambaye Kiroboto si jina lake tena.